Yusuf bin Hasan

Sultani wa Mombasa, wa ukoo wa Malindi uliowekwa kisiwani na Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Baba yake, Hasan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara kwa Wamusungulo, walioishi nyuma ya Changamwe ya leo. Mwaka 1614 wakamuua kwa hongo ya Wareno. Wamusungulo hawakuwa vibaraka wa Wareno: kisiwa kilitegemea nafaka yao, na Wareno waliwapa nguo ili wakae kwa amani.

Yusuf, angali mtoto, alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agustino na kubatizwa Jerónimo Chingulia. Watawala wengi wa Ulaya ya enzi hiyo walishika kwamba raia hufuata dini ya mfalme. Mombasa hesabu hiyo ilikataa: mfalme alibatizwa, raia wakabaki Waislamu. Aliporudishwa kutawala, maofisa wa Kireno walimdharau waziwazi. Tarehe 16 Agosti 1631 alimuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akarejea Uislamu. Wareno walimzingira mwaka 1632 wakashindwa, lakini mwaka huohuo aliiacha ngome akaingia baharini. Alifariki 1638. Wareno hawakumtawaza sultani mwingine Mombasa.