Kuvunjika kwa Koleo

Hapa kwetu Chiwata mjomba ndiye mwenye sauti. Basi mwaka 2021 mjomba wangu alipotangaza kwamba anaacha biashara ya korosho na kurudi kwenye brashi, hakuna aliyethubutu kumcheka usoni. Walimchekea kisogoni.

Ujanani alikuwa akichora picha, na kuandika vibao vya maduka na majina ya malori kule Masasi. Picha hazikumlisha, akaziacha. Akanunua na kuuza korosho zaidi ya miaka ishirini, akajenga nyumba ya bati, akasomesha watoto. Kilichomrudisha ni gari. Juni ya mwaka ule Safari Rally ilirudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia huko Naivasha, Kenya, baada ya kukosekana tangu 2002. Aliiona kwenye simu yangu. "Mpwa wangu," akasema, "hebu rudisha hapo penye vumbi." Nikarudisha mara sita.

Nilidhani ni uzee. Kumbe ni historia. Mashindano hayo yalianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi magari wa Kenya, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwishatumika. Wakubwa wa magari mapya wakabaki nyuma. Akashinda tena 1974 na 1976. Mwaka huo wa mwisho mjomba alikuwa mtoto wa shule. Picha yake ya kwanza, aliyoichora ukutani kwa mkaa, ilikuwa gari la Joginder, gari alilolisikia redioni tu. "Nililichora bila vumbi," aliniambia, "maana redio haina vumbi." Deni hilo ndilo analolipa sasa.

Wanaocheka wangemkumbuka Edward Saidi Tingatinga. Huyu si mtu wa mbali: alizaliwa 1932 Namochelia, Tunduru, jirani zetu wa magharibi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akatunza bustani za watu Dar es Salaam. Uchoraji uliompa jina aliuanza 1968, akiwa na umri wa miaka kama 36. Hakuwa na turubai wala rangi za wasomi. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu, bwana! Lakini mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Wala hakuwa peke yake aliyeshika kazi nyingine. Sam Ntiro alikuwa mwakilishi wetu wa kwanza London baada ya Uhuru wa 1961, na bado akabaki mchoraji. Jak Katarikawe wa Uganda alikuwa dereva kabla picha zake hazijajulikana. Na huko Ufaransa, mwaka 1975, Alexander Calder wa Marekani alipamba kwa rangi gari la BMW, nalo likaingia kabisa katika mbio za Le Mans. Kwa hiyo anayesema gari na picha havikai pamoja, amekosea.

Lakini nisidanganye. Tingatinga alichora ili auze, na aliuza. Mjomba mpaka sasa hajauza hata moja. Mkewe husema, "Vumbi haliliwi," na akipita pale uani penye zile mbao nyekundu hageuzi hata shingo. Sijui nimjibu nini, maana unga ni yeye anayeutafuta.

Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nina madaftari matatu ya riwaya chini ya kitanda, na mama anataka niende Mtwara nikauze duka la ndugu yetu. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikampelekea mjomba shauri langu, kama ilivyo desturi. Hakuinua brashi.

"Nenda," akasema. "Njaa haina riwaya. Ila beba madaftari, na usikae miaka ishirini."