Kamera ndogo au DSLR? Waulizeni kina Speke

Haya wadau, boom likikaribia kuingia hapa Malimbe ubishi unakuwa ule ule: mtu anunue kamera ndogo ya mfukoni, au DSLR ile ya ngazi ya chini, zote za mtumba maana mpya hatuziwezi? Kuna wa tatu anayesema simu inatosha. Huyo nitamfikia. Lakini mimi ni mtu wa historia, naomba nianzie mbali kidogo, kwa sababu ubishi huu kwenye ziwa letu una miaka zaidi ya 160.

Speke alipoliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858, upande huu huu wa Mwanza, alirudi na maneno na ramani tu. Mwenzake Burton, aliyebaki Kazeh (ndiyo Tabora yetu), hakukubali kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Mwaka 1860 Speke akarudi, safari hii na James Grant, na kamera ilikuwemo kwenye mizigo. Grant akapiga picha Unguja, vizuri tu.

Sasa fikirieni kazi yenyewe. Enzi zile ulikuwa unachukua kioo, unakipaka dawa, unakiweka kwenye kamera kikiwa bado kibichi, unapiga, halafu unakimbia nacho kwenye kihema cha giza kukisafisha kabla hakijakauka. Dakika chache tu, la sivyo picha imekufa. Na kihema chenyewe kipo juani, bara, na dawa zinanuka humo ndani. Speke mwenyewe ameandika kwenye kitabu chake cha safari kwamba aliona kazi hiyo ni nzito mno kwa hali ya hewa hii, akavirudisha vyombo vyote, Grant akaambiwa achore kwa rangi za maji. Ndiyo maana Karagwe ya Rumanika na Buganda ya Mutesa ziliwafikia Waingereza kama michoro. Kamera bora ilikuwepo kabisa, ila haikuvumilika njiani.

Mimi nikisoma pale huwa nasimama. Watu waliokuwa wanaishi pembezoni mwa ziwa mwaka 1861 na 1862 sura zao hatuna, tuna mkono wa Grant. Na sababu haikuwa siasa wala dini, ilikuwa uzito na joto.

Stanley alikuja na akili nyingine. Alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na boti yake Lady Alice ikiwa imekatwa vipande na kubebwa na wapagazi, akafika Kageye, kaskazini mashariki mwa mji wetu, mwishoni mwa Februari 1875. Yeye alibeba vioo vikavu, vilivyopakwa dawa kabla ya safari, kwa hiyo hakuhitaji kukimbilia kihemani kila akipiga. Kioo kikavu cha wakati ule kilikuwa kizito kushika mwanga, mtu lazima atulie kama nguzo, lakini kinabebeka. Ndiyo maana kitabu chake cha 1878 kina mandhari ya Kageye yenye maelezo kwamba imetokana na picha ya mwandishi. Imetokana tu lakini! Uchapaji wa vitabu ulikuwa bado hauwezi kuweka picha ya kamera moja kwa moja, fundi wa Ulaya alikaa akaichonga upya. Hata hivyo wa kamera nyepesi alirudi na kitu, wa kamera nzito akaishia kwenye brashi.

Ruka miaka. Kodak ya 1888, Leica ya 1925, yote ni hadithi ya kupunguza mzigo, siendi huko.

Nije kwa lile mnalolijua: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004. Ilipigwa hapa Mwanza, sangara, marubani, watoto wa mitaani, mnakumbuka kelele zake, mpaka Rais Kikwete akaikosoa hadharani mwaka 2006. Sauper alifanya kazi na mwenzake mmoja na kamera ndogo ya video. Ndiyo iliyomwingiza kwenye ndege na baa ambako kamera ya begani isingepita. Watetezi wa kamera ndogo wanapenda sana mfano huu, na wana haki. Ila mimi nauona na upande wa pili: kamera ndogo inampata mtu kabla hajajiandaa, na huyo mtu ndiye anayebaki mjini ikishaonyeshwa. DSLR walau inakutangaza, mvuvi anaiona toka mbali, anaweza kukwambia toka.

Sasa hesabu. Canon ilitoa EOS 300D mwaka 2003 kwa bei chini ya dola 1,000, Nikon wakaja na D40 mwaka 2006, megapikseli 6 tu. Msicheke. Sensa yake (siyo ile ya kuhesabu watu) ina eneo karibu mara 15 ya sensa ya kamera nyingi za mfukoni za wakati ule. Mchana pale Bismarck Rock hutaona tofauti kubwa, kamera ndogo itakutosha na chenji itabaki.

Ila mimi nataka dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, mwanga ni wa karabai au siku hizi taa za sola. Stendi ya miguu mitatu haina maana, mtumbwi wenyewe unacheza. Ukiacha kamera ivute mwanga muda mrefu, picha inatikisika, ukipandisha ISO kwenye kamera ndogo unapata chenga tupu, ukiwasha flashi umeua mwanga wa karabai ambao ndio habari yenyewe. Simu nazo zinaunganisha picha kadhaa kuwa moja, mvuvi akisogea anatoka na mikono minne.

Kwa hiyo nachukua DSLR kuukuu na lenzi ya 50mm f/1.8. Na siyo D40, maana haina mota ndani, lenzi ya bei rahisi ya Nikon ya 50mm haijifokasi yenyewe pale. Canon ya zamani inakubali ya kwake bila matatizo.

Tatizo la Grant bado ninalo lakini, maji na uzito. Mwenye mfuko mzuri usiopitisha maji tuonane kantini kesho, nitanunua chapati.