Chemirocha: Jimmie Rodgers katika Fasihi Simulizi ya Wakipsigis

Msafiri anayetoka Nakuru akapanda Sachangwan hadi Mau Summit, kisha akashika njia ya Kericho, hatimaye hufika Kapkatet. Hapo ndipo Hugh Tracey aliponasa, mwaka 1950, nyimbo tatu zenye jina moja: Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani, lililofinyangwa na ulimi wa Kipsigis.

Rodgers alizaliwa mwaka 1897 kusini mwa Marekani. Alifanya kazi ya reli, lakini mwaka 1924 aligunduliwa kuwa na kifua kikuu. Agosti 1927, mjini Bristol, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alimrekodi kwa mara ya kwanza. Upekee wake ulikuwa katika kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi utosini. Alifariki New York tarehe 26 Mei 1933, siku mbili tu baada ya kurekodi nyimbo zake za mwisho, huku akilazimika kulala kitandani kati ya wimbo na wimbo.

Santuri zake, hata hivyo, zilivuka bahari. Tracey aliandika kwamba Wakipsigis walimwona mwimbaji huyu kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Na waandishi wengi wamelikariri dai hilo kana kwamba ni ushahidi wa ujinga wa watu wasioielewa mashine. Usomaji huo ni finyu. Katika wimbo wa tatu, Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wanamhimiza mgeni huyo acheze hadi nguo zimdondoke. Je, hiyo ni ibada? Kwa maoni yetu huo ni utani, tena utani wa wasichana wanaojua vyema wanachokifanya. Hata jina lenyewe limepewa makazi: Che- ni mwanzo wa majina mengi ya kike ya Kikalenjin. (Sadfa ya sauti, bila shaka, lakini fanani hodari haachi sadfa ipotee bure.)

Katika muongo wa 2010 nakala za nyimbo hizo zilirejeshwa Kapkatet. Wahakiki wangali wakizijadili kama tanbihi katika wasifu wa Rodgers. Ilhali mtunzi anayestahili kuchambuliwa hapa ni Chemutoi, na Rodgers ni mhusika wake.