Mizinga ya Königsberg

Mizinga ya Königsberg ni mizinga kumi ya sentimita 10.5 iliyokuwa kwenye SMS Königsberg, manowari ya Ujerumani. Iliopolewa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, ikatumiwa nchi kavu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mitatu iliyosalia iko Fort Jesus mjini Mombasa, Jinja nchini Uganda, na Pretoria.

Meli hiyo ilibeba jina la mji wa kifalme wa Prussia. Königsberg ndiko Friedrich I alikojivika taji tarehe 18 Januari 1701, na Wilhelm I akafanya vivyo hivyo mwaka 1861. Meli iliposhushwa majini Kiel, Desemba 1905, ilikuwa fahari ya dola: miaka yake ya mwanzo iliisindikiza Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaisari Wilhelm II.

Juni 1914 iliwasili Dar es Salaam chini ya Kapteni Max Looff, na wenyeji wa pwani wakaiita manowari ya bomba tatu kwa sababu ya mabomba yake ya moshi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta HMS Pegasus imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa, ikaizamisha. Mabaharia Waingereza waliokufa walizikwa katika kisiwa cha Chapwani. Kisha Königsberg, yenye upungufu wa makaa ya mawe na injini iliyohitaji matengenezo, ikajificha Rufiji miongoni mwa mikoko. Waingereza walihangaika kwa miezi mingi hadi walipoleta Severn na Mersey, meli zinazoweza kupita kwenye maji ya kina kifupi, huku ndege zikiwaelekeza wapiga mizinga. Tarehe 11 Julai 1915 Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Historia ya mizinga haikuishia hapo. Wajerumani waliiopoa yote kumi, wapagazi Waafrika wakaikokota hadi Dar es Salaam, na huko mafundi wakaiundia magari ya magurudumu. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki aliyelelewa katika jeshi la Prussia, akapata kitu alichokikosa: silaha nzito. Mzinga mmoja ulilipuliwa na Wajerumani wenyewe walipouacha Kahe, Machi 1916; mwingine uliwahi kufungwa kwenye Graf von Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo leo ni MV Liemba. Kuusogeza mzinga wa meli porini, penye matope na mbung'o wanaoua ng'ombe, kulitegemea migongo na kamba za watu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika habari hizi, nalo ndilo vitabu vya manowari hulipitia haraka mno.

Vita hivyo viligusa pia Kenya ya leo: Kalimoni na mashamba yaliyo kati ya Ruiru na Thika. William Northrup McMillan, Mmarekani mwenye Shamba la Juja, alipigana na Wajerumani akiwa kapteni katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, akapewa cheo cha heshima mwaka 1918. Maktaba ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931 inalo jina lake. Vijana wa Kiambu na Murang'a hawakupata maktaba. Waliandikishwa kwa nguvu, hasa katika msako mkubwa wa mwaka 1917 uliosimamiwa na afisa wa kikoloni John Ainsworth, wakapelekwa kubeba unga na risasi nyuma ya jeshi la Uingereza. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja vifo vya wapagazi vinavyozidi 40,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa.

Mzinga wa Mombasa unastahili kuonwa pamoja na ule wa Pegasus uliowekwa hapo hapo Fort Jesus, kwani silaha za mahasimu wa Zanzibar sasa ni majirani. Anayetaka kuwaona wabebaji aende Kenyatta Avenue, Nairobi: kwenye sanamu za shaba za James Alexander Stevenson, zilizosimamishwa mwaka 1928, mpagazi amesimama sambamba na askari. Makaburi yenye majina ni habari nyingine. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa majina yao popote, ikaomba radhi.