Umri wa Mti: Tarehe ya Mbao za Mafinga

Mufindi ilikuwa nchi ya nyasi. Anayepita leo barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya, akaona misindano imefunga pande zote mbili, hudhani msitu ule umekuwepo tangu enzi za Mkwawa. Haukuwepo. Sehemu kubwa ya vilima vya Sao Hill ilikuwa majani matupu, na miti ya asili ilijibana mabondeni kufuata vijito. Msindano wenyewe ni mgeni: patula, aina iliyotapakaa sana pale, kwao ni milima ya Mexico. Ulianza kupandwa kwa majaribio mwaka 1939, mwaka ule ule Ulaya ilipoingia vitani, na waliochimba mashimo yale hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba wanaanzisha mji.

Mji huo ni Mafinga. Wapo wazee ambao bado huuita kwa jina lake la zamani, John's Corner, wakilitamka kwa namna ambayo huyo John asingelitambua. Upo kilomita kama 80 kutoka Iringa mjini, juu, penye ubaridi. Juni na Julai watu hawavui makoti mpaka saa nne asubuhi. Ukishuka kwenye basi kinachokupokea kwanza ni harufu: utomvu wa mbao mbichi, unga wa mbao unaofuka moshi pembeni ya mashine, na dizeli.

Kupanda miti penye nyasi kulikuwa hesabu tu. Wajerumani walikwisha kukata mitarakwa ya Shume, kule Usambara, wakiishusha kwa waya wa angani hadi Mkumbara kwenye reli. Waingereza wakaendelea na mvule na mninga. Miti ya namna hiyo hukua polepole kuliko maisha ya mtu. Ukiuangusha mmoja, hakuna mjukuu wake anayesubiri nyuma. Msindano hukomaa kwa miaka 25, tuseme 30. Yaani bwana miti anayeupanda akiwa kijana anaweza kuukata kabla hajastaafu. Ishike namba hiyo, 25, maana karibu kila ugomvi wa biashara ya mbao za Mafinga unaizunguka.

Upandaji mkubwa ulifanyika kati ya miaka ya 1960 na ya 1980, Benki ya Dunia nayo ikitia fedha. Leo Shamba la Miti Sao Hill lina zaidi ya hekta 135,000. Kiasi cha hekta 86,000 ndizo zinazofaa kupandwa, na sehemu kubwa ya zilizobaki imeachwa na uoto wake kulinda vyanzo vya maji. Kwenye karatasi tarakimu hizo husomwa kwa pumzi moja. Kwa jembe ni jambo jingine. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hula miche 1,111, na kila mche una shimo lake, kiriba chake na mgongo ulioinama juu yake. Kazi ilikuwa ya ngwe: ukimaliza ngwe yako saa tano, unakwenda kwako, usipoimaliza, siku haihesabiwi. Na kupanda ndiyo kazi nyepesi. Inafuata palizi, kisha kupogoa matawi ya chini, kisha kupunguza miti dhaifu ili iliyobaki inenepe. Tawi lisipokatwa kwa wakati huacha kifundo ndani ya gogo, na kifundo hicho atakutana nacho fundi seremala miaka 20 baadaye, randa ikiruka, asijue amtukane nani.

Dola ndiyo iliyopanda miti, na dola ndiyo iliyodhani itapasua. Kiwanda cha mbao cha Sao Hill kilijengwa kwa msaada wa Norway. Mashirika ya umma yakapewa kazi ya kusimamia mbao kama yalivyopewa korosho na katani. Kule Mgololo likasimama jambo kubwa zaidi, kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Nchi ambayo watoto wake walikuwa wakigawana daftari moja ilitarajia kujiandikia kwa karatasi yake yenyewe. Kiwanda kilikuwa kikubwa kuliko soko, kuliko umeme, kuliko mfuko wa kukiendesha. Kikasuasua, kikafungwa, na mwaka 2004 kikauzwa kwa kundi la Rai la Kenya, likakifufua kwa jina la Mufindi Paper Mills. Kile cha mbao kiliishia mikononi mwa kampuni ya Norway, Green Resources. Mimi sioni aibu kusema kwamba tulijenga viwanda kabla ya kujifunza kuviendesha. Lakini miti ilikuwa haijui lolote kuhusu sera za uchumi. Iliendelea kunenepa. Viwanda vya umma vilipokuwa vikilala, miti ya miaka ya 1970 ilikuwa inafikia umri.

Hapo ndipo ilipoingia dingdong.

Msomaji wa mjini huenda hajaiona. Dingdong ni mashine ndogo ya kupasulia: injini ya dizeli, mkanda, msumeno wa duara uliosimama katikati ya meza ya chuma, na watu. Haina jengo. Inavutwa na trekta hadi bondeni iliko miti, inachimbiwa, inafanya kazi wiki kadhaa, kisha inahama. Bei yake mtu wa kawaida anaweza kuifikia, au yeye na shemeji yake. Ndiyo iliyoipa Mafinga tajiri wake wa kwanza asiye Mzungu, asiye Mhindi wala shirika la umma. Na ndiyo iliyomla vidole.

Nimewahi kusimama asubuhi nzima kwenye dingdong moja porini. Nilipowasalimu kwa "Kamwene" waliitika kwa kichwa tu, maana injini ilikuwa imeshanguruma na hakuna anayesikia kitu. Mmoja anasukuma gogo kwa tumbo na viganja, mwingine anapokea upande wa pili, na kati yao msumeno hauna kifuniko. Hakuna miwani, hakuna glavu. Kitambaa puani ndiyo kinga. Banzi la kwanza linadondoka na magome yake, gogo linageuzwa, linapitishwa tena, na mara zinaanza kutoka mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane, nyeupe, zinatoa mvuke kwa ubaridi. Vijana wanazisomba begani kupanda kilima hadi njia ya lori, wakilipwa kwa ubao. Nilihesabu safari za mmoja wao hadi nikachoka mimi. Injini ilipozimwa kwa ajili ya chai, mzee mwenye mashine alinionyesha mkono wake wa kushoto, vidole vitatu, akacheka.

"Huu msumeno, mwanangu, nao hutoza ushuru."

Ushuru mwingine hauonekani kirahisi. Meno ya msumeno wa duara ni manene. Njia yake ndani ya gogo ina upana wa milimita 6, na zaidi ukinolewa vibaya. Chukua kalamu: kila mipasuo minne, ubao mzima wa inchi moja umegeuka unga. Lile lundo la manjano linalofuka moshi pembeni ya kila mashine Mufindi ni kenchi za nyumba zisizohesabika. Msumeno wa mkanda ungepoteza chini ya nusu ya hapo, lakini unataka mtaji, umeme ulio tulivu na mtu aliyesomea kunoa. Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi hufundisha watu hao, nao ni wachache kuliko mashine. Mwenye dingdong anayajua haya yote. Atakuambia anapoteza mbao ili asipoteze riba.

Maana fedha zake zimekwisha kutoka kabla msumeno haujazunguka. Magogo ya Sao Hill hununuliwa kwa mita za ujazo, kwa kibali, na malipo hutangulia. Kwa miaka mingi kelele kubwa ya wapasuaji ilikuwa juu ya mgao: nani amepata, nani amekosa, na yule asiye na hata panga amepataje kibali anachokiuza mjini kama tiketi ya mpira. Tangu Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ulipoanzishwa mwaka 2010 ukakabidhiwa mashamba ya miti ya serikali, mambo ya karatasi yamenyooshwa kiasi, ila mpasuaji mdogo bado hulala na hofu ile ile, kwamba mwakani jina lake halitakuwemo.

Mbao zikishapatikana, kuna barabara. Mufindi mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na njia za msituni ni udongo mwekundu. Lori likizama, mzigo hushushwa wote begani, lori likavutwa, mzigo ukapakiwa tena, na vibarua wakalipwa mara mbili kwa mbao zile zile. Mbao zigongwe nyundo ya misitu, mwenye mzigo akate hati ya kusafirishia, ambayo ina siku zake. Halafu ndiyo safari ya kilomita kama 580 hadi Dar es Salaam, na mteremko wa Kitonga katikati. Namjua mtu ambaye lori lake liliharibika breki pale, akasubiri spea, hati ikaisha muda. Geti la mbele likamwona mwizi wa mbao alizozilipia kila senti. Alilala chini ya lori usiku mbili. Sitalitaja geti.

Mpaka hapa ni tarehe ya msitu wa serikali. Kumbe pembeni yake wananchi nao walikuwa wanapanda. Njombe walikuwa na mfano wao wa zamani, shamba la miwati la kampuni ya TANWAT lililoanzishwa mwaka 1949, na Wabena kwa Wahehe walijua mti ni akiba. Lakini mbio zenyewe zilikuja miaka ya 2000, mbao zilipopanda bei. Mwalimu akapanda ekari mbili, mchungaji akapanda tano, na mfanyakazi wa ofisini Dar es Salaam, ambaye hajawahi kuishika miche ile, akanunua mlima mzima kwa simu. Kila kikao cha harusi kilikuwa na mtu anayeeleza jinsi atakavyostaafu kwa miti. Wafini nao wakaja na programu ya Panda Miti Kibiashara, kuanzia mwaka 2014, kufundisha mbegu bora na nafasi sahihi.

Sasa ile namba. Msindano unataka miaka 25. Ada ya shule inatakiwa Januari. Mama mgonjwa anatakiwa Muhimbili kesho. Dalali anajua, na huja na fedha taslimu mkononi kwenye shamba lenye miaka minane au kumi, akanunua ekari kwa kutazama, bila kupima mti hata mmoja. Serikali iliweza kungoja kwa sababu mshahara wa bwana miti haukutoka kwenye mti aliokuwa anautunza. Mkulima halikadhalika angengoja kama kungekuwa na benki inayokubali mche kuwa dhamana. Wanaomlaumu kwa kukata mti mchanga sijaona hata mmoja aliyejitolea kumlipia ada.

Soko nalo likajifunza kula vijiti. Viwanda vya plaiwudi vilivyofunguliwa Mafinga, vingi vya Wachina, vina mashine za kumenya gogo jembamba hadi likabaki kama mpini wa jembe. Vimewapa mamia ya vijana na kina mama kazi ya kuanika tabaka za mbao juani, na vimempa mkulima mnunuzi wa mlingoti wake. Vilevile vimemwondolea sababu ya kusubiri. Mwaka 2018 Kenya ilipopiga marufuku uvunaji katika misitu yake ya umma, marufuku iliyodumu hadi 2023, wanunuzi wa Kenya wakaja wenyewe hadi kwenye mashine za huku. Ilikuwa neema kwa Mufindi na msiba kwa Elburgon na Molo, miji ya mbao ya Kenya, ambako watu wenye vidole vilivyopungua vile vile walikaa bila kazi.

Moto sijautaja, hupita kila kiangazi, na wakulima wadogo wengi hawana bima ya kuwalipa. Wala sijataja alumini iliyofukuza mbao madirishani, na kenchi za chuma zilizoanza kuzifukuza hadi darini.

Nilianza kuifuatilia habari hii kwa sababu ya paa langu. Nilinunua mbao za dawa kwa ajili ya kenchi, zikiwa kijani kibichi cha kupendeza, kwa muuzaji wa Dar es Salaam aliyeapa ni za Sao Hill. Kabla bati halijapigwa zilikuwa zimejipinda kama pinde. Fundi aliniita juu, akashika kichwa cha ubao mmoja na kukikata kwa msumeno. Kijani kilikuwa ganda tu. Ndani palikuwa peupe. Kiini cha mti kilikaa katikati kabisa ya mbili kwa nne, na pete zilizokizunguka zilikuwa pana.

"Hesabu, bosi," akasema.

Zilikuwa saba. Ukienda kununua mbao, uliza bei baadaye. Kwanza inama, utazame kichwa cha ubao, uhesabu.