IJUE UGANDA: MASHAHIDI WA KIISLAMU WA MWAKA 1876



Ndugu zangu katika imani, wengi wetu tukisikia Uganda tunakumbuka Idi Amin au matoke, basi. Leo tuijue kwa upande mwingine. Ni nchi isiyo na bahari, lakini Uislamu uliifikia kabla ya Ukristo, tena ukitokea huku kwetu Pwani kwa miguu.

Njia ilikuwa hii: Bagamoyo, Tabora, Karagwe, kisha Buganda. Zaidi ya kilomita 1,000 za pori, mito na homa. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna II. Kama alivyosimulia mwenyewe uzeeni, siku moja Kabaka aliamuru watu wauawe, kama ilivyokuwa desturi. Ahmed akasimama mbele ya baraza akasema: hawa unaowaua wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na wewe umeumbwa na huyo huyo. Tafakarini. Mgeni, hana jeshi, amekuja kutafuta pembe za ndovu, anamwambia mfalme maneno hayo! Suuna hakumdhuru. Alianza kuuliza habari za huyo Mungu.

Mwanawe, Mutesa I, alishika utawala mwaka 1856. Huyu alijifunza kusoma Qur'ani, akajua Kiarabu na Kiswahili, akajenga msikiti, na kuanzia mwaka 1867 akafunga Ramadhani na kuwaamuru watu wake wafunge, kwa takriban miaka kumi. Vijana waliotumikia ikulu ndio waliosoma zaidi. Mpaka leo Luganda kina alama za zama zile: msikiti ni omuzikiti, sala ni essaala, kitabu ni ekitabo. Hata Wakristo wa mwanzo Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, kwa sababu kushika dini kulikwisha kuitwa kusoma.

Lakini Mutesa hakutahiriwa. Mila ya Buganda haikuruhusu damu ya Kabaka imwagike. Kwa miaka jambo hilo lilinyamaziwa, mpaka walipokuja walimu kutoka kaskazini, upande wa Misri na Sudan. Wakawaambia vijana: huyu hajatahiriwa, hafai kuwasalisha, na msikiti wake haukuelekezwa Qibla sawasawa. Vijana wakaacha kusali nyuma yake. Kisha wakakataa nyama ya ikulu, kwa kuwa wachinjaji nao hawakutahiriwa.

Hapa nisimame kidogo. Kifiqhi, jamhuri ya wanazuoni wanaona kichinjo cha Muislamu asiyetahiriwa kinaliwa, ingawa imepokewa kauli ya Ibn Abbas ya kukikataza. Kwa hiyo mas'ala yenyewe yalikuwa na nafasi. Ila pale Buganda nyama ya Kabaka haikuwa chakula tu, ilikuwa utiifu. Kuikataa ni kumwambia mfalme kwamba yuko mkubwa zaidi yake. Na wakati huo huo Misri ilikuwa inausogelea ufalme wake kwa jeshi, basi Mutesa akaona dini na uvamizi vinakuja kwa mlango mmoja. Mimi nawaheshimu vijana wale bila shaka yoyote. Swali langu ni kwa waliowafundisha: walifundisha hukumu, wakawaachia watoto wa watu kulipa gharama yake.

Mwaka 1876 takriban vijana 70 walichomwa moto Namugongo. Walitakiwa waache msimamo wao, wakakataa. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Miaka kumi baadaye, kati ya 1885 na 1887, Mwanga mwana wa Mutesa aliwaua vijana wa Kikristo, wengi wao hapo hapo Namugongo. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanajulikana kwa majina, na tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa. Siwalaumu Wakristo kwa kuwaenzi watu wao, wamefanya kazi ya kuandika. Sisi tuliotangulia kwa miaka kumi tuliandika nini? Muulize kijana wa madrasa yako akutajie mmoja tu kati ya wale 70.

Uislamu haukufa. Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa, aliwaongoza Waislamu baada ya kushindwa vitani. Waingereza walimhamishia Zanzibar mwaka 1893, akarudi 1895. Mwanawe, Prince Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya kilima cha Kibuli, na msikiti wake unaonekana mbali sana ukiwa Kampala. Ukipata safari, uzuru Kibuli, kisha uende Namugongo. Huko nako upo msikiti, ingawa umati wa tarehe 3 Juni huelekea kwingine.

Wallaahu a'lam.