Herufi Zisizogusana

Mwandishi wa gombo la Torati haruhusiwi kuandika hata neno moja kutoka kichwani. Huenda ameshanakili gombo zima mara kumi, huenda kitabu cha Mwanzo anakijua chote kwa ghibu, lakini sheria ya kazi yake inamtaka awe na nakala mbele yake na alitamke kila neno kabla ya kuliandika. Kalamu ni ya unyoya au ya tete. Ngozi ni ya mnyama aliye halali kuliwa, na vipande vyake hushonwa kwa kano, si kwa uzi wa pamba. Herufi ni 304,805. Ikikosekana moja, au wino ukabanduka hata umbo likapotea, gombo zima halifai kusomwa katika ibada mpaka litengenezwe. Ipo kanuni nyingine, ambayo mgeni wa kazi hii haitarajii: kila herufi sharti izungukwe na ngozi tupu pande zote. Mbili zikigusana, hata kwa wino mwembamba kama unywele, zimeharibika.

Anayeitazama kazi hiyo kwa mbali atasema hawa ni watu walioshika umbo wakasahau roho. Ndivyo Wayahudi walivyosemwa kwa karne nyingi, hasa na wahubiri wa Kikristo wa Ulaya: kwamba wamebaki na ganda, kiini wamekiacha kwa wengine. Historia inaonyesha kinyume. Maana za ndani ambazo Wayahudi walizichimba katika maandiko yao, na lile jicho la huruma ambalo baadaye baadhi yao waliwatazamia watu wa kawaida, vilizaliwa na ukaidi huohuo wa kulinda herufi. Kama zahiri isingelindwa, batini ingekosa pa kukaa.

Gombo halina irabu. Wanazuoni wa Tiberia, ambao ukoo wa Ben Asher ndio mashuhuri zaidi kati yao, walibuni alama za irabu na kuzitia katika vitabu, na kodeksi ya Aleppo ya karne ya 10 ndiyo kazi yao inayosifiwa kuliko zote. Lakini alama hizo hazikuingia gomboni hata siku moja. Kwa aliyewahi kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu jambo hili si geni: anajua jinsi neno lisilotiwa irabu linavyoweza kumpeleka msomaji huku au kule. Katika Isaya sura ya 54 pana neno ambalo Wayahudi wote husoma "banayikh", yaani watoto wako. Mwalimu mmoja katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, akaona kwamba herufi zilezile zinaweza kusomwa "bonayikh", wajenzi wako, akafundisha kwamba wanafunzi wa Torati ndio wanaojenga amani duniani. Yeye hakugusa maandishi, wala hakudai kwamba sinagogi zima limesoma vibaya tangu zamani. Usomaji wa kwanza ulibaki mahali pake, wa pili ukasimama kando yake. Kama angekuwa na ruhusa ya kuongeza au kupunguza herufi, asingehitaji kufikiri. Angeandika tu alichotaka kusikia.

Desturi hii ilipata nguvu kwa sababu ya msiba. Mwaka 70 Warumi walilibomoa Hekalu la Yerusalemu, na dhabihu zikakoma. Watu waliokuwa na mji, madhabahu na makuhani wakabaki na maandiko, na kuyachunguza kukawa namna ya kuabudu. Rabi Akiva, ambaye Warumi walimwua karne ya 2 baada ya uasi wa Bar Kokhba dhidi yao, ndiye mwalimu anayetajwa zaidi kwa uchunguzi huo. Talmudi inasimulia kwamba Musa alipopanda kupokea Torati alimkuta Mungu akizitia herufi vitaji vidogo, akauliza ni vya nini. Akaambiwa kwamba katika vizazi vijavyo atazaliwa mtu atakayetoa marundo ya sheria katika kila kijinukta. Musa akapelekwa kwenye darasa la Akiva, akaketi safu ya nane, na hakuelewa kitu. Alitulia pale tu Akiva alipoulizwa chanzo cha fundisho lake akajibu kwamba lilitoka kwa Musa. Marabi waliosimulia kisa hiki walikuwa wanajicheka wenyewe kidogo. Walijua wameenda mbali sana na pale walipoanzia, wakajua pia kwamba wasingefika huko bila vile vitaji.

Karne kadhaa baadaye hoja hiyo, kwamba batini hukaa ndani ya zahiri, ilipata mwanafalsafa wake. Musa bin Maimun, mzaliwa wa Córdoba aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kitabu chake kikuu cha falsafa kwa Kiarabu, na maneno aliyoyatumia ni haya haya tuliyonayo sisi: zahiri na batini. Katika dibaji anachukua mfano wa Mithali 25, wa tunda la dhahabu ndani ya pambo la fedha, tunda ambalo Biblia ya Kiswahili inaliita chungwa. Anaeleza kwamba fedha hiyo imetobolewa matundu madogo sana. Aliye mbali huona tunda la fedha. Mwenye jicho kali akikaribia huiona dhahabu kupitia matundu. Dhahabu ni bora, bila shaka. Lakini hakusema fedha itupwe; naye alisisitiza kwamba maneno ya nje yenyewe yana faida.

Pingamizi kali zaidi lilitoka kwa mtoto wa nyumbani. Baruch Spinoza, aliyetengwa na jumuiya ya Wayahudi wa Amsterdam mwaka 1656, alichapisha mwaka 1670 kitabu bila jina lake, akamshutumu bin Maimun kwa kuyapinda maandiko yakubaliane na falsafa. Ukitafuta maana ya ndani, alidai, utaikuta ileile uliyoiweka mwenyewe. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa, na kuhusu bin Maimun ina ukweli mwingi. Ila inasahau breki ambazo desturi ilijifungia. Talmudi ina kanuni kwamba aya haitoki katika maana yake ya wazi. Rashi wa Troyes, aliyeishi 1040 hadi 1105, alijijengea jina juu ya maana hiyo, na mjukuu wake Samuel ameandika kwamba babu yake alikiri mbele yake: kama angepata nafasi, angetunga tafsiri mpya kwa kuwa maana za wazi huzuka kila siku. Kisha utazame ukurasa wa Talmudi kama Daniel Bomberg, mchapishaji Mkristo, alivyoueneza kutoka Venice kati ya 1520 na 1523. Matini iko katikati, Rashi upande mmoja, na upande wa pili wafuasi wake, baadhi yao wajukuu, wakimpinga neno kwa neno. Anayetaka kuingiza lake katika ukurasa huo anaingia mbele ya mashahidi.

Jicho lililofunzwa hivyo halikubaki kitabuni. Nathan Spira wa Kraków, karne ya 17, alilisoma jina Israeli kama kifupisho cha maneno yanayosema kwamba Torati ina herufi laki sita, hesabu ya roho za waliotoka Misri. Hesabu yenyewe haikubali: herufi ni nusu ya hapo na ushei, na majaribio ya kuziba pengo hilo hayashawishi. Bado wazo kwamba kila mtu ana herufi yake lilishika, kwa sababu kanuni za mwandishi zilikuwa zimelitengenezea njia: herufi moja ikikosa, gombo lote halifai, na kila herufi ina eneo lake ambalo jirani haruhusiwi kuligusa. Katika karne ya 18, wafuasi wa mwalimu Baal Shem Tov wa Medzhybizh, katika nchi ambayo leo ni Ukraine, walifundisha kwamba sala ya asiyejua kusoma inaweza kupanda juu kuliko ya mwanachuoni. Husimuliwa kwamba Rabi Levi Yitzchak wa Berdichev alimwona mwendesha mkokoteni akipaka magurudumu mafuta huku amevaa shali ya sala. Waliokuwepo walikasirika. Rabi akasema: tazama watu hawa, Ee Mungu, hata wakipaka magurudumu wanasali. Hakukana kwamba mtu yule alikuwa anapaka mafuta. Alimsoma kama "banayikh" na "bonayikh": herufi zilezile, irabu nyingine.

Atatokea wa kusema kwamba huku ni kulipamba taifa zima, na kwamba sifa za jumla ni ndugu wa chuki za jumla. Onyo hilo ni la haki. Nusu ya jumuiya yenyewe, wanawake, iliachwa nje ya vyuo; wao walipata kitabu chao cha Kiyidi, Tsenerene, ambacho toleo la zamani kuliko yote lililosalia ni la mwaka 1622, na kukipata kulikuja kama fidia. Lakini maandiko ambayo marabi hawakuthubutu kuyafuta herufi ni yaleyale yanayomweka wazi Daudi na mke wa Uria, na manabii wakiwakemea watu wao wenyewe. Mpambaji angekuwa na sababu zote za kuparura pale kidogo.

Ukurasa uleule wa Talmudi wenye kisa cha Musa na Akiva unajibu pia swali la kiwandani: herufi imetoboka au imechakaa, na waandishi hawakubaliani kama bado inasomeka. Haliitwi baraza la wanazuoni. Anaitwa mtoto, asiye mwerevu mno wala mjinga, anayezijua herufi lakini hajui aya inataka kusema nini, kwa kuwa mjuzi atasoma anachokitarajia. Mtoto akiitamka sawasawa, gombo linarudi kazini. Akishindwa, mwandishi anatafuta kalamu yake.